Kumkalisha mtoto kando: namna ya kumrudi mtoto wa miaka miwili hadi mitano bila fimbo

Mtoto wa miaka miwili na nusu kashika kikombe cha bati, anamgonga nacho mdogo wake kichwani. Mama yuko uani anakuna nazi. Anafoka kutoka hukohuko kwenye mbuzi: "Wee! Acha! Nikija hapo utanitambua!" Mtoto anageuka, anamtazama mama usoni, halafu anagonga tena.

Amesikia vizuri sana. Kabla ya kile kikombe hapakuwa na aliyemtazama; sasa mama kaacha nazi, kainua uso, kamwita. Kwa mtoto wa umri huo macho na sauti ya mkubwa ni chakula, na hachagui kama vimekuja kwa kubembelezwa au kwa kufokewa.

Kumkalisha kando kunaanzia hapo. Mtoto anatolewa kwenye mchezo na mbele ya macho ya watu kwa dakika chache, papo hapo baada ya kosa, kisha anarudishwa. Njia hii ilianza kufanyiwa utafiti Marekani miaka ya 1960. Mwanasaikolojia Arthur Staats ni miongoni mwa waliotangulia kuitumia, tena nyumbani kwake, kwa binti yake mwenyewe. Jina kamili la kitaalamu la njia hii linamaanisha kumsimamishia mtoto kwa muda yale yanayompendeza. Maana yake ni kwamba kama hakuna kinachompendeza, hakuna cha kumsimamishia. Mtoto anayeshinda akifokewa toka asubuhi hadi jioni, ukimkalisha kando hujamnyima kitu. Pengine umempumzisha.

Ndiyo maana kazi inaanza siku kadhaa kabla ya mtoto kukalishwa popote.

WIKI YA KWANZA, USIMKALISHE KANDO

Kwa siku saba mpe dakika kumi kila siku zilizo zake peke yake. Keti naye chini, simu iwe ndani, na mchezo auchague yeye: kupanga vifuu, kupika ugali wa mchanga, kumbeba mwanasesere wa matambara. Usimfundishe, usimsahihishe, usimwulize maswali mengi. Sema tu unachokiona: "Naona umeweka kifuu juu ya kifuu."

Siku hizohizo anza kumsifu kwa jambo lenye jina. "Mtoto mzuri" haimwambii kitu. "Umemgawia mwenzio embe, vizuri sana" inamwambia afanye nini kesho. Lenga kumsifu mara nne au tano kwa kila mara moja unayomkanya. Mwanzoni utaona kama unajilazimisha. Endelea tu, maana mtoto anaanza kubadilika hapa, na wazazi wengi wanaosema njia hii imewashinda ni wale walioruka wiki hii.

Msimu wa korosho unapoanza, mwezi wa kumi, wengi wa mikoa ya Mtwara na Lindi, kuanzia Tandahimba, Newala, Masasi, Ruangwa hata Nachingwea, wanaondoka alfajiri kwenda shamba, na dakika kumi zinakuwa adimu. Zitafutie nafasi hukohuko chini ya mkorosho wakati wa kupumzika. Mpe kopo ajaze majani au vijiti. Usimpe korosho mbichi achezee, kwa sababu mafuta ya ganda lake yanababua ngozi na midomo.

UMRI

Chini ya miaka miwili, usitumie njia hii. Mtoto wa umri huo hajaweza kuunganisha kosa na kukalishwa. Mwondolee kitu mkononi, mhamishe, mpe kingine. Kati ya miaka miwili na mitano ndipo inapofaa zaidi.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inasema wazi kwamba adhabu kwa mtoto haikubaliki ikiwa imezidi umri na hali yake, au ikiwa mtoto ni mdogo mno kuelewa kwa nini anaadhibiwa. Kanuni hiyo ni nzuri hata ndani ya nyumba ambayo haijawahi kuona fimbo.

CHAGUA MAKOSA MAWILI TU

Mawili, yasizidi, na yawe yanaonekana kwa macho. "Ukorofi" hauonekani. Kupiga, kuuma, kutupia watu mawe au mchanga, kukataa kwa makusudi agizo ambalo amelielewa, hayo yanaonekana.

Yasiyostahili kabisa kukalishwa kando ni haya: kulia, kumwaga uji, kujikojolea, kuogopa, kukataa kula, kung'ang'ania mama. Hayo si makosa. Kabla hujamhukumu, mguse shingo kama ana joto, kumbuka kala saa ngapi na kalala saa ngapi. Mtoto mwenye homa anayeuma watu anahitaji kupimwa malaria, na mwenye usingizi alazwe.

Jambo la hatari, kama kukimbilia barabarani au kusogelea kisima, ni tofauti. Mnyakue kwanza, mengine baadaye.

MAHALI

Tafuta sehemu moja ndani na moja nje, zisibadilike. Pafae kwa mambo matatu: pasiwe na cha kuchezea, pasiwe na cha kumdhuru, na wewe umwone bila yeye kukuona unamkazia macho. Kona ya ukumbi penye kipande cha mkeka inatosha. Kwa nje, pembe ya baraza yenye kivuli.

Kagua pale chini kwa kukaa wewe mwenyewe. Ukiwa umeketi kimo cha mtoto ndipo utakapoona waya wa umeme, chupa ya mafuta ya taa, ndoo yenye maji. Mbuzi ya kukunia nazi inafanana sana na kigoda machoni pa mtoto, na meno yake yanakata; iweke juu. Jiko la mkaa liwe mbali hata kama limezimwa, kwani majivu hukaa na moto muda mrefu. Chini ya mkorosho angalia siafu kwanza.

Usitumie chooni, stoo, chumba chenye giza wala chumba kilichofungwa mlango. Usitumie kitanda chake, ataanza kukataa kulala. Juani ni marufuku. Jua la saa sita la Mtwara au Kilwa si la mtoto kukalishwa hata dakika moja. Wala asipige magoti, asishike masikio, asiinue mikono. Anaketi tu, kama anavyoketi siku zote.

KUBALIANA NA WENYE NYUMBA

Hapa ndipo mambo mengi yanapoharibika, na hayaharibiki kwa ubaya. Mtoto analia kando, bibi anatoka chumbani: "Mume wangu analia nini? Nani kakuonea?" Anambeba, anampa kipande cha muhogo. Mtoto kajifunza kwamba kuuma watu kunaleta muhogo.

Usimkemee bibi mbele ya mtoto, wala usimnyang'anye. Zungumza naye jioni, watoto wakishalala, kwa adabu: "Bibi, tunaomba utusaidie. Akikaa kando tumwache mpaka dakika mbili ziishe. Zikiisha, wewe ndiye umpokee." Kumpa bibi kazi ya kupokea ni bora kuliko kumwomba asiingilie. Kazi hiyo ni ya kweli, kwani anayetoka kando anahitaji mapokezi mema. Kwenye familia za Kimakonde, Kimwera, Kimakua na Kiyao, mjomba naye aelezwe mapema. Neno lake kwa watoto wa dada yake ni zito, na akisema "mtoto wetu tunamkalisha, hatumchapi", majirani nao wanafuata.

Kubalianeni pia maneno. Kama bibi anazungumza na mtoto Kimakonde na mama Kiswahili, si tatizo, ila kila mmoja awe na sentensi yake ileile kila siku.

MFUNDISHE KABLA HAJAKOSA

Siku moja kabla ya kuanza, mtoto akiwa ameshiba na ana furaha, mchezee maigizo. Mwanasesere ampige mwanasesere mwenzake. "Amepiga. Anakaa kando." Mketishe mwanasesere mkekani, hesabu hadi kumi kwa sauti, mrudishe mchezoni. Halafu mtoto ajaribu mwenyewe kwa sekunde kumi, umsifu kwa kuketi vizuri. Rudia mara tatu. Siku ya kosa la kweli hatakutana na kitu kigeni.

HATUA KWA HATUA

1. Agiza vizuri. Msogelee mpaka umguse, chuchumaa macho yenu yalingane, toa agizo moja: "Weka kikombe chini." Usiseme "Hebu tulia," hajui kutulia kunafanywaje. Usiulize "Utaweka kikombe chini?" kama hauko tayari kukubali jibu la hapana.

2. Nyamaza, hesabu moyoni hadi tano. Mtoto mdogo anachelewa kuyageuza maneno kuwa kitendo. Ukirudia agizo kila sekunde unamvuruga. Akitii, msifu hapo hapo.

3. Asipotii, onya mara moja tu. "Usipoweka kikombe chini, utakaa kando." Hesabu tena tano. Onyo la pili na la tatu linamfundisha kwamba la kwanza halina uzito. Kupiga na kuuma hakuna onyo, unaenda moja kwa moja hatua ya nne.

4. Mpeleke mara moja, ndani ya sekunde chache. Sema maneno machache: "Umepiga. Kaa kando." Mshike mkono au mbebe, mgongo wake ukiwa kifuani mwako kama anarusha miguu. Njiani usihutubie. Sauti iwe ya kawaida, ile unayotumia kusema "lete ndoo". Kama umepandwa na hasira mpaka mikono inatetemeka, mpe mkubwa mwingine kazi hiyo.

5. Anza kuhesabu akishaketi. Kipimo kinachotumika sana ni dakika moja kwa kila mwaka wa umri: miaka miwili dakika mbili, mitatu dakika tatu. Kuzidisha hakuongezi faida. Dakika kumi kwa mtoto wa miaka mitatu ni ndefu kiasi kwamba anasahau alikuja kufanya nini pale. Tumia saa ya simu, ila simu iwe mfukoni mwako. Bila simu, hesabu taratibu hadi 60, mara mbili au tatu.

6. Usimsemeshe, usimtazame. Akilia, akikuita, akikutukana, kimya. Wewe endelea na kazi iliyo karibu, chagua dagaa au kunja nguo. Wenzake wasimcheke, wape shughuli upande mwingine.

7. Muda ukiisha, mtoe wewe. Asiondoke mwenyewe. Ngoja sekunde chache za utulivu, hata kama ni pumzi moja kati ya vilio viwili, umwambie: "Umeketi. Sasa njoo." Kwa mtoto wa miaka miwili usidai anyamaze kabisa, hajaweza.

8. Malizia lililobaki. Kama alikataa agizo, lirudie lilelile: "Weka kikombe chini." Ukiliacha, amegundua kwamba kukaa kando kunamwepusha na kazi. Kama alipiga, ampelekee mwenzake maji au ampulize palipouma. Usimlazimishe kutamka "samahani" asiyoielewa, na usianze mahubiri. Kosa limeisha.

9. Ndani ya dakika tano mtafutie jambo la kumsifu. Limekosekana? Litengeneze: "Nishikie hii sahani. Ahsante, umeishika vizuri." Hatua hii inasahauliwa kuliko zote, nayo ndiyo inayomrudisha mtoto ndani ya nyumba.

YANAYOTOKEA, NA LA KUFANYA

Anainuka. Mrudishe bila neno, bila kumtazama usoni, uanze kuhesabu upya. Siku ya kwanza anaweza kuinuka mara kumi au zaidi, na unaweza kutumia robo saa kupata dakika mbili. Ndiyo maana siku ya kuanza isiwe siku ya shughuli wala ya wageni. Usimbane wala kumkandamiza akae. Ukiona mnageuka kushindana nguvu, simama, mpe agizo jepesi analoliweza, mwishie hapo, kesho muanze tena.

Anazidi. Siku tatu au nne za mwanzo kosa linaweza kuongezeka badala ya kupungua. Kilichokuwa kinamletea macho ya watu hakileti tena, kwa hiyo anakifanya kwa nguvu zaidi, kama mtu anayegonga mlango uliozoeleka kufunguliwa. Ukilegea siku hiyo ya nne umemfundisha kugonga kwa nguvu zaidi.

Anacheka, au anasema "sijali, napenda hapa." Mwache aseme. Kinachoangaliwa ni kama wiki ijayo anapiga mara chache. Sura anayokuonyesha leo haihesabiwi.

Anajikojolea au anatapika kwa kilio. Msafishe kwa upole bila mazungumzo, maliza muda uliobaki ukiwa karibu. Ikitokea mara kwa mara, acha njia hii kwanza na umpeleke kliniki.

Anajigonga kichwa. Msogeze mbali na ukuta, kwenye mkeka. Usimpigie ukelele. Wengi huacha wakikosa watazamaji.

Anakata pumzi. Baadhi ya watoto wadogo wakilia sana hushindwa kuvuta pumzi, midomo ikawa ya bluu, wakalegea. Acha kila kitu. Mlaze ubavu, usimtikise, usimmwagie maji usoni, usimtie kitu mdomoni. Kwa kawaida pumzi inarudi yenyewe ndani ya dakika moja. Isiporudi, mkimbize hospitali. Ikirudi, bado apelekwe akachunguzwe na apimwe wingi wa damu, maana upungufu wa madini ya chuma huchangia hali hii. Baada ya hapo usimkalishe kando mpaka mhudumu wa afya akushauri.

Anatishiwa na watu wa nyumbani. "Kaa hapo, mumiani anakuja." "Tutakupeleka ukachomwe sindano." Hili likome kabisa. Kando isiwe mahali pa kutisha, na mtoto aliyetishiwa sindano atakupa taabu kila siku ya chanjo.

NJE YA NYUMBA

Sokoni au msibani, sogea naye pembeni penye kivuli, chuchumaa mkikipa kisogo kile kinachomvutia, dakika moja inatosha. Kwenye bajaji na kwenye basi la Dar es Salaam usijaribu. Kutwa nzima kwenye kiti ni adhabu ya kutosha kwa mtoto wa miaka mitatu. Mbebee chakula na kitu cha kushika mkononi. Usimwambie "tukifika nyumbani utaona." Saa tano baadaye hakumbuki, ataona tu kwamba kafika na kaadhibiwa.

KUJUA KAMA INAFAA

Weka alama ya mkaa ukutani nyuma ya mlango kila anapokalishwa kando, mstari mmoja kwa mara moja, na kila siku safu yake. Wiki ya kwanza ya kumkalisha, mistari itajaa. Wiki ya pili ianze kupungua. Ikifika wiki ya tatu bado iko palepale, usiongeze dakika. Rudi nyuma uangalie: dakika kumi za mchezo bado zipo? Sifa zimekauka? Makosa mawili yamegeuka kuwa sita? Kuna anayempa muhogo kwa siri? Ukimkalisha zaidi ya mara nne au tano kwa siku, mara nyingi shida iko kwenye ratiba: njaa ya saa nne asubuhi, usingizi wa mchana uliorukwa, mdogo mpya aliyezaliwa.

Kuna watoto ambao njia hii haiwafai kwa wakati fulani. Aliyehamishiwa kwa bibi karibuni kwa sababu mama kasafiri au kafariki, aliyewahi kupigwa vibaya, aliyeona ugomvi mkubwa nyumbani: kwao kuachwa peke yao, hata dakika mbili, kunafungua kidonda. Keti naye ukimya uleule, umshike, mkae kando wawili. Anayependa kujitenga muda wote naye hutamrudi kwa kumtenga. Na aliyefika miaka miwili na nusu hasemi maneno mawili pamoja, au haitiki akiitwa jina, apimwe masikio na usemaji kabla hajaitwa mkaidi.

Kwa hayo anza na kliniki ya mama na mtoto iliyo karibu, uombe rufaa kwenda hospitali ya Ligula kwa walio Mtwara au ya Sokoine kwa walio Lindi. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anapokea wazazi bila malipo. Kama kuna mtoto unayeona anaumizwa, piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.